Kovu la Mguu wa Kushoto

Susu, yaani bibi yangu, mama yake baba, aliishi hadi akabaki kibogoyo na nyusi zake zikaota mvi. Aliwazika wazee watatu wa kanisa waliodhani wao ndio wangemzika. Nina jina lake. Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na si jina tu anapewa. Tangu nikiwa kwenye nepi baba aliniita mwaitu, yaani mama yangu, na majirani waliniamkia kama bibi kizee. Mimi nilivimba kichwa. Ilikuwa raha mpaka nilipofika miaka tisa.

Mwaka huo wa kiangazi tuliishi karibu na mji wa Wote. Maji tuliyachimbua kwenye mchanga wa mto mkavu, na kujaza mtungi mmoja kulimaliza asubuhi nzima. Nilijikwaa uani, maji yote yakamwagika. Baba, mtu mpole siku nyingine zote, alichukua ufito akanichapa mguu wa kushoto hadi ngozi ikapasuka. Kisha akaketi akitazama mikono yake. Mama alinifunga kitambaa.

Susu alikuwa kwake Kabati, kule Kitui, safari ya magari matatu, na nyumbani kwake hakukuwa na simu. Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, tulimwona mlangoni akichechemea, leso imefungwa mguu wa kushoto.

"Nani alinipiga jana?" akauliza.

Baba alijaribu kucheka, akasema hakuna mtu anayeweza kumpiga mama yake. Susu aliinama, akagusa kitambaa changu kwa kidole kimoja.

"Nilipigwa hapa kwako," akamwambia. "Na wewe ndio ulinipiga."

Hakufoka. Alikula, akalala, akarudi Kabati. Ila tangu siku hiyo hakumbariki baba tena. Mtu yeyote aliyeaga kwenda safari, Susu alipiga funda la maji, akamnyunyizia kifuani kwa mdomo, akamwambia aende na arudi. Sote tulinyunyiziwa, hata yule mchuuzi wa kuku aliyepita tu. Baba alipokuja na kufungua kifungo cha shati, Susu alimpa mkono wa salamu, basi. Ilikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Baba naye alikuwa mzee wa kanisa, akasema haombi msamaha kwa kumrudi mtoto wake mwenyewe. Hasira hasara, lakini kiburi nacho hakijawahi kumlipa mtu. Mimi nilimpenda Susu kuliko watu wote, na nilimwogopa.

Alipofariki nilikuwa kati ya wanawake waliomvisha. Kwenye mguu wa kushoto, nyuma, palikuwa na kovu refu lililopinda mwishoni, sawa na langu. Nilijiambia ni kuni, au miiba. Maisha marefu hayaachi ngozi salama. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Baada ya mazishi, baba akashindwa kusafiri. Kazi yake ilikuwa kupeleka ndengu sokoni Mtito Andei. Sasa kila alipofika getini na mfuko wake, alisikia nyuma yake mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburutwa. Akigeuka, haoni mtu. Alirudi ndani akavua viatu. Mama ndiye aliyenieleza haya kwenye simu, kwa kunong'ona, na akaongeza kwamba ndengu zimeingia wadudu stoo.

Kisha baba mwenyewe akaniita. Nilimkuta uani asubuhi, kifungo cha shati kimefunguliwa, kikombe cha maji mkononi. Alikuwa amezeeka.

"Mwaitu," akasema, "nibariki niende."

Nilikasirika hadi masikio yakaniwaka moto. Nikamwambia aombe msamaha kwanza, aseme alifanya nini.

"Nilikupiga."

"Ulimpiga nani?"

"Wewe, mwaitu. Tangu uliponizaa hukunipiga hata siku moja, na mimi nikakupiga." Macho yake hayakuwa kwangu. Yalitazama juu kidogo ya bega langu, mahali ambapo kichwa cha Susu kingefika, maana alikuwa mrefu kunishinda.

Nilipiga funda, nikamnyunyizia kifuani. Nilikusudia kumwambia aende na arudi. Badala yake nilimwita jina la utani, jina la kitoto ambalo sikuwahi kulisikia, na sauti iliyotoka ilipita kwenye ufizi usio na meno. Baba alilia kwa sauti. Baadaye alisema mama yake alimwita hivyo kabla hajaanza shule, na wote waliojua wameshakufa.

Kesho yake alienda Mtito Andei, na siku hizi anatoka getini akipiga mluzi. Mama amefurahi. Mimi kovu linanivuta kila asubuhi, na natembea polepole hadi lipoe. Susu amemsamehe mwanawe. Mtoto wa miaka tisa aliyemwaga maji bado hajaombwa msamaha na mtu.