Ng'ombe wa Mama Mkwe

Mume wangu alipomaliza mkataba wake wa ulinzi wa ghala pale Dar es Salaam, hakuniuliza kama nataka kuhama. Aliniuliza kama nimechoka. Nikamjibu ukweli kwamba nimechoka, na miezi miwili baadaye tulikuwa ndani ya basi la kwenda Ngara, vyombo vyetu viko kwenye buti na cherehani yangu nimeipakata kwa sababu sikumwamini mtu yeyote kuipanga chini ya magunia.

Mimi ni mtoto wa Temeke. Kwa miaka kumi na minane nilishona mapazia Kariakoo, katika chumba cha ghorofa ya pili kisicho na dirisha, mafundi sita na feni moja. Nyumba tuliyopanga ilikuwa katikati ya fundi wa kuchomelea mageti na baa. Mmoja akifunga, mwenzake anafungua. Nilijiona nimezoea, mpaka siku niliyokwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi, muuguzi akanipima presha, akarudia kunipima, halafu akaniuliza taratibu, "Mama, huwa unalala kweli?" Kulala nilikuwa nalala, lakini kama mtu aliyesinzia kwenye foleni, sikio moja liko wazi asije akapitwa.

Kwa hiyo uchovu ulikuwa wa kweli. Lakini kuchoka na mji ni jambo moja, kwenda kuishi na ng'ombe ni jambo jingine. Wanyama niliowajua mimi walikuwa paka wa jirani na kuku aliyekwisha kunyonyolewa.

Nyumbani kwa mume wangu ni Ntobeye, kwenye mteremko wenye migomba juu na maharage chini. Ukisimama uani asubuhi ukungu ukishaondoka, unaona vilima vya Burundi. Mama mkwe alikuwa anaishi peke yake na ng'ombe mmoja jike, ndama wake, mbuzi watatu na kuku wasiohesabika kwa sababu hawatulii. Kabla ya hapo nilikuwa nimekutana naye mara mbili tu maishani, kwenye harusi yetu na kwenye msiba wa baba mkwe. Nilipiga goti nikasema, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu akaitazama. Vidole vya fundi cherehani ni laini.

Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, changu cha Temeke. "Wewe unasema mbio," aliniambia siku ya pili. "Sema porepore, nikusikie." Na yeye akiongea Kihangaza na mwanawe, mimi nilibaki natabasamu kama mgeni. Mtu wa tatu katika mazungumzo yao alikuwa ng'ombe. Mama mkwe alimsimulia yule ng'ombe mambo yote, na ng'ombe akageuza masikio kumsikiliza. Nakiri nilimwonea wivu. Alikuwa anaelewa lugha ya nyumba ile kuliko mimi.

Tena nilimwogopa. Alikuwa mwekundu, mrefu, na pembe zake zilikuwa pana kuliko mikono yangu niliyoinyoosha. Kwenda chooni nilizunguka nyuma ya jiko ili nisipite karibu na banda lake. Ukimya nao ulinitisha. Nilikuwa nimeutamani miaka mingi, na nilipoupata nikakaa naungoja uvunjike. Nikimpigia simu binti yetu, aliyeolewa Dodoma, nilimwambia kwa sauti ya chini, "Baba yako ana furaha. Mimi najaribu." Akaniuliza, "Utakaa?" Nikamwambia sijui.

Mwezi wa tatu tangu tufike, mama mkwe aliteleza. Mvua ilikuwa imenyesha, alikuwa anashuka na vipande vya mgomba wa kulisha mifugo, mguu ukamtoka, akaangukia mkono wa kulia. Hospitali walimfunga hogo jeupe la plasta kutoka kiganja hadi juu ya kiwiko, wakamwambia wiki sita. Njia nzima ya kurudi hakulalamikia maumivu. Alilalamikia kukamua.

Mume wangu alijaribu kesho yake. Ng'ombe alimvumilia kwa muda wa kuvuta chuchu mara mbili, halafu akapiga ndoo teke ikaenda kusimama kwenye migomba. Akajaribu tena jioni, akapigwa yeye. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda anaangalia, hogo lake limepakatwa mapajani.

"Huyu hataki mwanamume," akasema. Kisha akanitazama. "Labda mkwe wangu."

Nilicheka nikidhani ni utani. Alinyanyuka, akafungua kitenge chake cha kazini kwa mkono mmoja, kile chenye harufu ya moshi na maziwa, akanifunga kiunoni. Akaniambia niinamishe kichwa mpaka paji la uso liguse ubavu wa ng'ombe.

"Sasa ongea naye."

"Niongee nini, mama? Kihangaza sikijui."

"Chochote. Anataka sauti."

Basi nikamsimulia ng'ombe habari za Kariakoo. Nilimweleza juu ya wateja wanaobadilisha vipimo kitambaa kikiwa kimeshakatwa, na yule mwanamke aliyetaka pazia la sebuleni lifanane na gauni lake la harusi. Ubavu wake ulikuwa wa moto, na ndani yake nilisikia maji na upepo vikizunguka. Siku ya kwanza nilipata maziwa ya kikombe kimoja. Baada ya wiki nilikuwa napata ndoo nusu, na vidole vyangu vilikuwa vinauma mahali ambapo sindano haikuwahi kuvifikia.

Siku moja mume wangu alisafiri kwenda Nyabusozi, kwa dada yake aliyeolewa huko Biharamulo, kuchukua mbuzi wawili ambao dada yake alikuwa amemwahidi. Alisema atalala siku mbili. Tukabaki mimi, mama yake na wanyama.

Asubuhi ya kwanza mvua ilikuwa imetoka kukatika. Nilikamua, nikamtoa ng'ombe, nikamfunga kwenye kisiki chenye majani mengi kando ya shamba, kisha nikaingia jikoni kupika uji. Nilipotoka, pale kwenye kisiki palikuwa na kamba tu. Ng'ombe alikuwa katikati ya maharage yetu mabichi, yamelowa maji chepechepe, na alikuwa ameyala kwa upana wa chumba. Nilimvuta akaja bila ubishi. Nikajiambia hasara ni ya maharage tu.

Kabla sijamaliza kuosha vyombo nilimsikia anakoroma. Alikuwa amesimama miguu imetanuka, shingo ameinyoosha mbele, mate yanamtoka. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umeinuka kupita uti wa mgongo. Niligusa. Ulikuwa umekaza kama ngoma.

Nilimwita mama mkwe. Alikuja mbio na hogo lake, akaupiga ule ubavu kwa kiganja cha kushoto, akasikiliza. Uso wake ulibadilika.

"Tumbo limejaa upepo. Piga simu kwa bwana mifugo."

Bwana mifugo alipokea akiwa kijiji kingine, ng'ambo ya mto. Alisema anakuja lakini barabara inateleza na pikipiki haiwezi kukimbia. "Msinisubiri," akaniambia. "Mna mafuta ya kula? Mnywesheni nusu lita. Mpelekeni kupanda mlima, kichwa kiwe juu. Na mama, sikiliza: asilale. Akilala, mimi nitakuja kuchuna ngozi."

Nilimtazama mama mkwe, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini mwenye mkono mmoja. Naye akanitazama mimi. Hapakuwa na mtu mwingine, majirani walikuwa wameshuka mashambani.

Nilimimina mafuta kwenye chupa ya soda. Mama mkwe alimshika ng'ombe pembe kwa mkono wake mzima, akamwegemeza kichwa kifuani kwake, akaniambia niingize shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, palipo na nafasi bila meno, nimimine kidogokidogo asije akapaliwa. Mimi niliyekuwa nazunguka nyuma ya jiko nilikuwa na mkono ndani ya mdomo wa ng'ombe hadi kwenye kifundo. Mafuta yalinimwagikia kifuani. Nusu yalikwenda kwake, nusu kwangu, nikajaza chupa nyingine.

Mama mkwe alinielekeza nikate kijiti kinene, nikakifunga kimkingamo mdomoni mwa ng'ombe ili atafune na mdomo ukae wazi. Kisha tukaanza kupanda. Mimi nilivuta kamba mbele, yeye alisukuma nyuma kwa bega, anamwita kwa Kihangaza, "Buhoro, buhoro," yaani polepole. Kila hatua chache tulisimama, nikausugua ule ubavu kwa ngumi zote mbili kama ninayekanda unga. Hakuna kilichotoka.

Karibu na kilele magoti ya mbele ya ng'ombe yalikunjika. Akaanza kushuka chini. Sijui nguvu zilitoka wapi. Niliingiza bega chini ya shingo yake, nikajikuta nasema naye kwa Kiswahili changu cha mbio, Kiswahili cha Temeke kisichongoja mtu. "Inuka mama. Inuka, usinifanyie hivi, mimi ndiye niliyekufunga vibaya, si wewe, inuka, nitamwambia nini mwenye nyumba akirudi, nitamtazamaje huyu bibi hapa nyuma, inuka mama yangu." Nilikuwa nalia na kuvuta. Mama mkwe alimpiga makalio kwa hogo. Ng'ombe akajiinua, akapiga hatua tatu, akasimama, akanyoosha shingo.

Akapiga mbweu.

Ilikuwa ndefu, ya ndani, na harufu yake ya majani yaliyochacha ilinijaa usoni mwangu mwote. Ikafuata nyingine. Niliweka kiganja ubavuni nikahisi ngozi inalegea chini ya vidole. Mama mkwe alikaa chini palepale kwenye tope, kanga na hogo na vyote, akacheka mpaka akashika mbavu zake mwenyewe. Nami nikakaa. Ng'ombe alisimama kati yetu anabeua, na kila akibeua sisi tunaanza upya kucheka.

Tulipotulia nikasema, "Mama, ni mimi. Fundo langu lilifunguka."

"Nilijua," akasema. "Nimeiona kamba. Umefunga kama unafunga pazia." Akachukua ule mwisho wa kamba, akaupitisha kwenye shina la mti, akanionyesha fundo la ng'ombe kwa mkono wa kushoto na meno. Akalifungua, akanipa nifunge mimi. Akalivuta kulijaribu. "Hilo sasa," akasema.

Bwana mifugo alipofika, tope hadi magotini, alimkuta ng'ombe anatafuna taratibu. Aliweka sikio ubavuni, akampa dawa ya kunywa kumalizia povu lililobaki tumboni, akatukataza kumpa majani mabichi siku ile. Akauliza nani amempandisha mlima. Mama mkwe akaninyooshea kidole, akamwambia kitu kwa Kihangaza. Yule bwana akanitazama kuanzia kichwani, mafuta yananing'aa shingoni, akasema, "Hongera, mama."

Mume wangu alirudi siku ya pili mchana na mbuzi wawili weusi. Mama yake alimsimulia yote pale uani, kwa mikono na kwa sauti, akaigiza hata ile mbweu. Nilikuwa naanika kitenge, nikagundua naelewa karibu nusu ya maneno.

Baadaye mume wangu alinifuata jikoni. Alikaa kwenye kigoda akawa anachora chini kwa kijiti.

"Nilimwambia dada," akasema, "kwamba pengine utarudi mjini. Nikamwambia ukirudi na mimi nitarudi, nitatafuta lindo jingine. Nimekuwa na hilo jambo tangu tulipofika. Nikikuona kimya, nasema leo ndiyo ataniambia."

Sikuwa nimejua. Miezi yote ile nilidhani yeye ana furaha na mimi ndiye ninayebeba mzigo.

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa jibu."

"Niulize sasa."

Akauliza. Nikamwambia sirudi. Akainamisha kichwa, akavuta pumzi ndefu, mabega yake yakashuka, nikaona jinsi alivyokuwa amekonda. Nikampakulia chakula cha kwanza kabisa ambacho nilimwona akikimaliza tangu tuhame.

Hogo lilipotolewa, mkono wa mama mkwe ulikuwa mwembamba na hauna nguvu ya kukamua. Alikuja bandani siku moja, akajaribu, akaacha, akavuta kigoda akakaa karibu yangu. Hadi leo ndivyo tunavyofanya: mimi nakamua, yeye anachambua maharage na kumsahihisha ng'ombe na mimi kwa lugha ileile. Presha yangu nimeipima zahanati mara kadhaa, na mara ya mwisho muuguzi hakurudia kupima. Nalala mpaka jogoo aniamshe, tena naanza kumchukia kama watu wengine wanavyomchukia.

Mchana nashona sare za shule barazani, mlango wazi. Wale mbuzi wa Nyabusozi hawana adabu kabisa. Juzi mmoja wao alikula kola ya shati nililokuwa nimelimaliza, nikalazimika kukata nyingine, na mwenye shati alikuwa tayari amefika, amesimama ananingoja.