Mke Mwenza Ndani ya Kibahasha

Kazi yangu ni kutengeneza mizani. Nina meza na kabati pembeni ya soko la Mwanga, na wengi wanaokuja kwangu ni wauza dagaa, wauza mchele na masonara wawili watatu. Mizani ikianza kuyumba, naifungua, naisafisha, naiweka sawa, kisha mwenye nayo anaipeleka kwa wakaguzi. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza kwa kusoma vitabu vya maelekezo, kamusi ikiwa pembeni. Nayasema haya ili ieleweke kwamba mimi si mtu wa kubahatisha. Mke wangu ana maoni yake juu ya sentensi hiyo, lakini ameniruhusu niiache.

Mama yangu alipofariki, usingizi ulinikimbia. Baada ya wiki kadhaa nilikwenda hospitali, nikaandikiwa vidonge vya kutuliza, kimoja kila usiku kwa siku kumi. Nilikabidhiwa kibahasha kidogo cha karatasi, juu yake pameandikwa kwa kalamu: 1 x 1, usiku. Nililala vizuri mno. Siku ya kumi na moja nilikisoma tena kile kibahasha na kuona kwamba mwisho haukuandikwa. Kwa mtu anayefuata maelekezo, mwisho usioandikwa nao ni maelekezo. Nikaenda duka la dawa ambalo mizani yake ya kupimia watu uzito niliwahi kuitengeneza. Muuzaji hakuniuliza cheti cha daktari, kwa kuniheshimu. Ningekuwa na afya bora kama angenivunjia heshima.

Nikaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka miwili.

Mke wangu ndiye aliyeipa dawa hiyo jina. Kibahasha kilikaa chini ya mto, upande wangu, na kila usiku nikikitafuta kwa vidole yeye alikuwa akigeukia ukutani na kusema, "Msalimie mke mwenzangu." Sisi tunakaa Ujiji, ambako wapo wanawake wanaolitamka neno hilo bila kucheka. Yeye alicheka. Alisema mwenziwe huyu ana adabu, haombi kanga, hapiki, hana ndugu, ila ana kosa moja: zamu zote kachukua yeye.

Mimi nilimjibu kwamba sijazoea chochote, kwamba dawa ni dawa. Niliwajua mateja, niliwaona stendi, na sikufanana nao hata kidogo. Sikuwahi kuongeza hata nusu kidonge. Nilidhani kutoongeza ndiyo kinga.

Mwaka jana, Ramadhani ilipokaribia, niliamua kumwacha. Zamani nilikuwa mvutaji sigara, na niliacha hivyo hivyo, siku ya kwanza ya mwezi, kwa mara moja, na sikurudi. Njia iliyofanya kazi mara moja haina sababu ya kukataa mara ya pili. Nilimpa mke wangu kibahasha mkononi, nikamwambia akatupe chooni.

Akakitazama. "Talaka ngapi hizo?"

"Tatu," nikasema.

"Kwa mpigo?"

Nikamwambia kwa mpigo.

Usiku wa kwanza sikulala, nikasali zaidi. Usiku wa pili sikulala, na kusali hakukuwezekana, maana moyo ulikuwa ukienda kama wa mtu aliyepanda ngazi. Siku ya tatu mwanga wa bati la duka la jirani ulinichoma macho, na sauti za wachuuzi nilizozizoea miaka yote ziliniingia kama wote wananigombeza mimi. Jasho lilinitoka nikiwa kivulini. Jambo lililonitisha kweli lilikuwa mikono. Kwenye mizani ya sonara kuna skrubu moja ndogo kama punje ya ulezi. Niliishika kwa koleo mara nne, na mara nne ikaanguka. Nikafunga kabati kabla ya adhuhuri, nikamwambia sonara arudi kesho. Hakuna fundi mizani mwenye mikono inayotetemeka. Huyo atafute kazi nyingine, na katika umri wangu sikuijua nyingine.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Jirani alisema saumu imenipata, ninywe uji wa pilipili manga. Dada yangu mkubwa, anayekaa Katubuka, alisema ni malaria, akanipeleka mwenyewe kupimwa. Haikuwa malaria. Dada akasema vipimo vya siku hizi havina akili. Jioni ya siku ya nne, wakati wa kufuturu, nilinyanyua kikombe cha uji, na nusu yake ikaishia kwenye kanzu. Watoto wakatazama sahani zao.

Mke wangu alipangusa mkeka, kisha akasema taratibu, "Fundi, kuna jambo silielewi. Saumu ni ya mchana. Mwenzangu ulikuwa ukimwendea usiku, umeshakula na kushiba. Sasa Ramadhani ilikukataza nini?"

Ninayo daftari ya kuandika kasoro za mizani, mwaka kwa mwaka, na sijawahi kukosa jibu la namna hiyo. Safari hii nilimwambia asubuhi twende kwa daktari.

Asubuhi tulikwenda kituo cha afya. Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa umri wa binti yangu. Alinipa shikamoo, akanipima presha, akasikiliza habari yote tangu msiba wa mama. Akauliza kama hali hii iliwahi kunitokea kabla. Nikasema hapana, kamwe.

"Kagunga," akasema mke wangu.

Nilikuwa nimesahau. Mwaka mmoja kabla, nilikwenda Kagunga kwa boti kutengeneza mizani za mwaloni, pale boti zinaposhusha samaki, na vidonge nikavisahau nyumbani. Nilikaa siku tatu. Nilirudi nikitetemeka na kukosa subira hata na paka, nikalaumu mawimbi, kisha chakula, kisha baridi ya ziwa. Yote hayo niliyaandika kwenye daftari. Yeye hakuandika kitu. Alinitazama nikimeza kidonge usiku ule niliporudi, akaniona asubuhi nimepona, akaliweka jambo hilo kichwani mpaka litakapohitajika.

Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa kibahasha. Hakukitupa chooni. Alisema alijua talaka ile haitasimama.

Daktari hakucheka, ingawa alitaka. Alinieleza kwamba dawa za namna hii zinautuliza ubongo, na ubongo ukitulizwa hivyo muda mrefu unajipanga upya kuishi nazo. Ukiziondoa ghafla, unabaki umekazwa bila kitu cha kuushikilia. Hilo linampata mtu yeyote, hata aliyemeza kama alivyoandikiwa. Uteja ni habari nyingine. Akasema pia, na hapo sauti yake ikabadilika, kwamba kuacha kwa mpigo kunaweza kuleta degedege, na degedege linaweza kuua.

"Mzee, utarudi kwenye dawa leo," akasema. "Tukae hapo mpaka utulie. Halafu tutashuka kidogo kidogo, na kila hatua nitaisema mimi."

Nilimuuliza kama naweza kukipima kila kipande cha kidonge kwa mizani ya sonara, niwe na uhakika. Akasema mizani yangu ibaki Mwanga.

Daktari alinizuia kufunga siku zile. Baada ya Idi nilizilipa pamoja na mke wangu na wake za wanetu, waliokuwa na siku zao za kulipa, mwanamume peke yangu kwenye daku ya wanawake. Walinitania mpaka nikazoea.

Kushuka kulichukua miezi mingi. Kila hatua ilikuja na wiki yake mbaya, kisha ikapoa. Safari moja nilijiona hodari, nikaruka hatua bila kumwambia daktari, ili nimalize kabla ya Maulidi. Skrubu zikaanza kuanguka tena. Daktari akanirudisha nyuma. Mke wangu alisema, "Mwanamke anakaa eda, Fundi. Wewe ulitaka atoke na sanduku kichwani siku hiyo hiyo."

Katika miezi ile niliona kwamba chai yangu inakuja nusu kikombe. Nililalamika. Akasema birika limekuwa dogo. Nilipima birika, lilikuwa lile lile. Sikufuatilia zaidi, na hilo peke yake lingenionyesha nilivyokuwa mgonjwa.

Kidonge cha mwisho, yaani kipande cha mwisho, nilikimeza usiku wa kawaida. Usingizi niliobaki nao si ule wa dawa. Naamka saa tisa, nasikia watu wa kwanza wakielekea mwaloni, nalala tena au silali. Daktari anasema utaendelea kutengemaa.

Wiki chache baadaye mke wangu alikuja na chai asubuhi, nikiwa kibarazani nafunga mizani ya sonara yule yule. Kikombe kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, chai imevimba juu kidogo, kama iliyomiminwa na mtu anayefikiria mambo mengine. Lakini hakwenda zake. Alisimama mlangoni, mikono ndani ya kanga, akinitazama.

Niliweka koleo chini, nikakinyanyua kikombe mpaka mdomoni bila kumwaga tone.