Mkunga wa Masisi Anayekataza Kuvuta Mikono

Saa moja asubuhi, mkunga Emérita anaingiza mto wa majani makavu chini ya goti la Mukandori, na mwingine chini ya bega. Anafanya polepole, kama anayepanga mayai. Hapa ni maternite, nyumba ya kujifungulia ya misheni, juu kilimani Masisi, mwaka huu wa 1956.

Emérita amepokea watoto zaidi ya mia sita. Mwili kama wa Mukandori, mke wa mfugaji, ameuona mara mbili tu. Viungo vinateguka kwa kutikisa kibuyu cha maziwa. Ngozi inavutika, na ikichanika haishiki uzi. Daktari mmoja aliyepita alisema ndivyo alivyozaliwa, dawa hakuna.

Mimba ya kwanza iliishia nyumbani. Wanawake walimshika mikono wakamvuta, kama ilivyo desturi, ili apate nguvu ya kusukuma. Mabega yote mawili yakateguka. Mtoto akafa, mama akavuja damu siku tatu.

"Safari hii nilisema aje mapema, mimba ikiwa ya mwezi wa nane," anasema Emérita. "Muntu wa hivi hazalishwi na haraka."

Mukandori alibebwa kwa kipoyi, kiti cha kubebwa mabegani, muda wa saa tano njiani.

Mama mkwe wake, Nyirakamana, aliyefuatana naye, hakufurahi. Alisema mukamwana mzima, mke wa mwana, halali mchana huku maziwa yanangoja kutikiswa. Emérita hakubishana naye. Alimtegea kitendawili: mgeni gani anayengojwa na wote, na hakuna aijuaye sura yake? Nyirakamana akajibu ni mtoto, hata wadogo wanajua.

"Basi, Mama, tumungojee pamoja."

Akabaki, ingawa kwa kununa.

Saa nne uchungu unaanza. Emérita anamlaza Mukandori ubavu, wala hasukumi tumbo. Nyirakamana anasogea kutoka mlangoni.

"Mikono yangu niweke wapi?"

"Ku mugongo, Mama. Iache pale tu."

Saa nane mchana mtoto wa kike analia. Mchaniko ni mdogo. Emérita anaushona mbali na ukingo, na uzi utakaa wiki tatu badala ya moja. Damu imekoma.

Kiangazi kijacho, anasema, atapanda vilima kumi na viwili kuwaonyesha wanawake jinsi ya kushika bila kuvuta.

Nyirakamana, mjukuu mapajani, anamkatiza.

"Twende wote. Weye hawakujui. Miye ndiye nilimuvuta mikono, ile mara ya kwanza. Wataniamini."