Kabila Nililomwandikia Halima

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, hapo Makina, mtaani Kibera, nilipomharibia binti wa watu mwaka mzima kwa kalamu yangu mwenyewe. Mwanangu, nilikuwa nimetoka Machakos juzijuzi tu, nina mwandiko mzuri na kichwa kikubwa. Nilipanga chumba kwa Hajati Mastura, mama wa Kinubi aliyezaliwa papo hapo Kibera, na majirani waliniletea fomu zao niwajazie.

Wiki hiyo nilikuwa nimenunua kitabu kikuukuu kule Gatina, Kawangware, kinachoeleza habari za Wadayak wa kisiwa cha Borneo. Kilinivuruga akili. Kilisema jina hilo walibandikwa na wageni. Ndani yake wamo Waiban, Wangaju na wengine wengi, kila watu na lugha yao. Maana yake? Wako wasemao ni watu wa bara, wa juu ya mto. Wako wasemao sivyo. Kuna wakati lilikuwa kama tusi, kisha wenyewe wakalishika, wakalifanya lao. Sasa kabila lao hasa ni lipi? Nililala nalo, nikaamka nalo.

Basi Halima, mjukuu wa Hajati, akaniletea fomu ya kitambulisho. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na bila kitambulisho hangeingia. Nilipofika penye kabila nikajiambia: Wanubi nao si ni wajukuu wa askari wa makabila mbalimbali walioletwa na Waingereza kutoka Sudan? Basi Mnubi ni jina la kubandikwa vilevile. Nikaandika "Msudani." Sikumuuliza. Naye aliniamini, akatia sahihi.

Ofisini karani akamwambia, "Kama wewe ni Msudani, kitambulisho enda uchukue Sudan."

Hajati alikwenda mwenyewe na cheti cha uaskari cha marehemu babake, kimefungwa kwenye leso. Akaambiwa faili ianze upya. Nafasi ya Halima ikapewa mwingine.

Hajati aliporudi alinikuta mlangoni. Nikajitetea na Wadayak wangu.

"Hao watu wa kitabu chako," akaniuliza, "saa hii wenyewe wanajiita nani?"

"Wadayak, Hajati."

"Sasa wewe Mutua ni nani wa kuwavua jina? Mimi nimezika mama hapa, nimezalia hapa. Ulishindwa kuniuliza, na tunakaa ploti moja?"

Halima alipata kitambulisho baadaye, lakini nafasi ile haikurudi. Hakunitukana hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Mpaka leo, mwanangu, mambo ya asili ya majina yananichanganya. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jina la mtu muulize mwenyewe, hata kama umesoma vitabu vya dunia nzima, hata kama unadhani unajua. Kuuliza si ujinga. Mjinga nilikuwa mimi niliyenyamaza.

Nenda salama. Mungu akubariki, na kila uendako akukutanishe na watu watakaokuuliza wewe ni nani kabla hawajaandika.