Jiwe la Arobaini na Mbili

Kwa Eugène Asukulu, kapita, msimamizi wa barabara ya Fizi, dunia ilikuwa na wakimbiaji wa aina tatu: wanaoanza vizuri, wanaomaliza vizuri, na Mcheki. Mcheki alikaa peke yake. Mwaka 1952, kule Helsinki, alishinda mbio mbili ndefu, kisha akaingia marathoni ambayo hakuwahi kuikimbia maishani mwake, akaishinda nayo. Nyuma yake Eugène alimweka Mfaransa aliyezaliwa Algeria, mshindi wa Melbourne. Mbelgiji alikuwa mbali kabisa. Huyo ndiye aliyeingia uwanjani London wa kwanza mwaka 1948, miguu ikamwisha mbele ya umati, Mwajentina akampita, kisha Mwingereza naye akampita.

"Alifia mulangoni," Eugène alisema. "Mutu wa kufia mulangoni si mukimbiaji."

"Sema polepole, Baba Florentine," alijibu Isidore, fundi cherehani wa soko la Baraka, bila kuondoa mguu kwenye pedali. "Bwana Ajenti akisikia unaweka Mubelgiji mwenzake nyuma, we atakuweka boloko na wafungwa."

Watu waliokuwa wakisubiri suruali zao walicheka. Mabishano hayo yalikuwa ya kila siku ya soko. Magazeti ya misheni yalifika yakiwa yamezeeka, Eugène akasoma ukurasa wa michezo kabla ya yote, kisha akaja barazani kwa Isidore kupanga mataifa kwenye mstari. Na kila alipomaliza kupanga, lazima mmoja angeuliza lile swali lililomkera kuliko yote:

"Na siye?"

Watu wa Fizi walikuwa wakipanda na kushuka milima tangu utoto, lakini hakuna aliyewahi kupimwa. Asiyepimwa hawezi kulinganishwa, na asiyelinganishwa ni kama hayupo.

Jibu lilimjia likifukuza ng'ombe. Asubuhi moja ya mwaka 1957 Eugène alikuwa akikagua barabara kwa baiskeli, karibu na Baraka, dume moja likampita mbio likirudi mlimani, na nyuma yake kijana mrefu, fimbo mkononi, kinywa kimefungwa. Alikuwa Gakunzi, mchungaji wa nyanda za juu za Itombwe, kule wanakokaa wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Alikuwa ameteremsha mifugo sokoni. Eugène aligeuza baiskeli amfuate. Kwenye mteremko alikuwa sambamba naye. Kwenye mwinuko wa kwanza aliachwa. Alipomfikia, Gakunzi alikuwa amekwisha kulikamata dume na alikuwa akilisemesha taratibu. Hakuwa akihema.

"Huyo si mutu wa Fizi," Isidore alisema aliposikia. "Ni mutu wa ng'ombe."

"Na Mufaransa? Si alizaliwa Algeria? Nani alimwambia arudishe medali?"

Isidore akaendelea kushona, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kukubali.

Eugène alikwenda kwa ajenti wa Kibelgiji aliyesimamia kazi za barabara. Alimkuta na habari nzuri: wiki chache mbele, Usumbura, kule Urundi, kungekuwa na marathoni ya wakimbiaji wa huko, Tanganyika, Kenya na Uganda. Fizi ingeweza kumpeleka mtu mmoja, mradi akimbie kwanza kilomita arobaini na mbili na kipande kwa chini ya saa mbili na nusu, mbele ya saa ya ajenti.

"Wapi tutapima?" ajenti aliuliza.

"Njia iko na mawe, bwana," Eugène alisema kwa fahari. "Mi mwenyewe nayachunga."

Kweli aliyachunga. Mawe ya kilomita yalianzia Fizi mlimani, yakateremka hadi Baraka, yakafuata ziwa kuelekea kaskazini. Kila kijiji kilipewa kipande chake cha barabara, kutoka jiwe fulani hadi jiwe fulani: kufyeka majani, kuziba mashimo, kubeba changarawe. Kazi hiyo haikuwa na mshahara wala hiari. Eugène alipopita kukagua, alitazama kama kila jiwe lipo, limesimama wima, limepakwa chokaa na namba yake inasomeka. Alihesabu mawe. Nafasi iliyo kati yake hakuna aliyemwagiza kuihesabu.

Siku ya mbio Gakunzi alitoka Fizi kulipopambazuka, peku, shuka lake akiwa amemwachia Eugène. Ajenti alifuata kwa gari, Eugène akiwa nyuma ameshikilia chuma. Kijana alikimbia kama alivyotembea: mabega hayakucheza, mkono mmoja umefungwa kama bado umeshika fimbo. Alipopita sokoni Baraka, Isidore alitoka nje na futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Baba Florentine! Kwa muteremuko hata jiwe linakimbia!"

"Sasa iko tambarare!" Eugène alimjibu toka kwenye gari. "Angalia basi!"

Ikawa tambarare, jua likapanda, na Gakunzi hakupunguza. Eugène alianza kuwapanga upya moyoni. Kwanza alimwondoa Mbelgiji. Baadaye, ziwa likiwa mkono wa kulia na watoto wakipiga kelele kando ya njia, alimwondoa hata Mfaransa. Mtu mmoja tu ndiye aliyebaki mbele: Mcheki. Walikuwa wameafikiana kwamba Gakunzi angepita jiwe la arobaini na mbili hadi kwenye kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, kile kipande kidogo kinachobaki. Aliipita kamba, akatembea kidogo, akaomba maziwa. Yalikosekana, akanywa maji.

Ajenti alitazama saa. Akaitazama tena, akacheka.

"Saa mbili na dakika kumi na tatu. Kapita, dunia nzima hapana mutu wa namna hii."

"Ndiyo, bwana!" Eugène alisema. Hakuelewa kwamba hizo hazikuwa sifa.

Ajenti aliinama ndani ya gari, akasoma kihesabu cha kilomita, akalinganisha na namba aliyoiandika kiganjani walipoondoka. "Hii hapana arobaini na mbili," alisema. "Hii thelathini na tisa."

Kilichofuata Eugène alikielewa polepole, na kila alichokielewa kilimwongezea hasira. Kijiji cha kwanza kilikuwa kimelivuta jiwe lake la mwisho hatua kadhaa nyuma, kuelekea Fizi, kipunguze mashimo ya kuziba. Kijiji cha pili, kilipoona kimeongezewa kazi, kikalivuta la kwake. Cha tatu vilevile. Miaka ilipita, mvua baada ya mvua, mawe yote yakiwa wima, meupe, yamekamilika kwa hesabu, yakitambaa kuelekea mlimani. Kijiji cha mwisho kabisa kililalamika kila mwaka kwamba kipande chake ni kirefu mno. Eugène aliwaita wavivu.

"Bwana, tupige hesabu," alisihi. "Ongeza kilomita tatu kwa mwendo wake uleule. Iko chini ya saa mbili na nusu. Iko mbele ya Mufaransa!"

"Usumbura wanataka mbio. Hawataki hesabu."

"Basi akimbie tena kesho kutwa."

Gakunzi, ambaye sasa alikuwa amejifunga shuka lake, alitikisa kichwa. "Ng'ombe nimeziacha na kaka kwa siku mbili. Siku zimekwisha."

"Gakunzi, mwanangu, ni jina lako! Na letu!"

"Mulinionyesha mahali, nikafika," kijana alisema bila ukali. "Mukisema si hapo, jiwe ni lenu. Njia ni yenu."

Akaondoka, akielekea milimani kwa miguu. Ajenti alimwamuru Eugène ayarudishe mawe yote mahali pake, akaliwasha gari. Usumbura walikimbia bila mtu wa Fizi.

Mawe yalirudishwa kwa mnyororo wa kupimia na jasho la watu wengi. Kwenye kijiji kilichomaliza na jiwe la arobaini na mbili, msimamizi wa kina mama wa kazi ya njia, Mama Anastasie, alisimama mikono kiunoni akitazama jembe likichimba shimo jipya la jiwe, mbali, ng'ambo ya kijito.

"Kapita, ulitaka tubebe changarawe mupaka kule sababu ya mukimbiaji?"

"Mulimwibia kilomita tatu!"

"Siye? Siye tuliiba mashimo." Wenzake wakaangua kicheko. "Kama anataka kilomita zake, aje azibe mashimo."

Sokoni hakukuwa na nafuu. Isidore hakutania, alingoja mpaka baraza ikatulia, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Kati ya Mufaransa na Gakunzi, sasa, nani iko mbele?" Mataifa yote Eugène alikuwa nayo kichwani, kila mtu na saa yake, lakini huyu mmoja aliyemwona kwa macho yake hakuwa na mahali pa kumweka. Aliondoka bila kuchukua suruali yake.

Mvua zilipoisha alitoka tena kukagua. Mawe yalikuwa wima, meupe. Alipofika jiwe la arobaini na mbili alishuka kwenye baiskeli kabla hajajua kwa nini. Kijito kilikuwa mbele yake, hakuwa amekivuka. Udongo kuzunguka jiwe ulikuwa mbichi.

Mama Anastasie alikuwa hapo na wenzake, majembe mabegani. Hawakukimbia wala kuficha.

"Kapita," aliuliza, "kuna mutu wa kukimbia?"

Eugène aliitazama barabara inayorudi Baraka, kisha Fizi. Ilikuwa nyeupe na tupu.

"Hakuna."

"Basi jiwe linakusumbua nini?"

Mvua ilikuwa imefuta mguu wa ile namba mbili. Eugène aliomba kopo la rangi, akachuchumaa, akaichora namba upya, vizuri, isomeke hata na mtu aliye mbali.