Kucha Nilizozipaka Nyeusi

Unga mweusi wa ndani ya betri ya redio, ukichanganywa na majani ya mihogo yaliyopondwa, hutoa harufu ya chuma na ubichi inayokaa vidoleni siku tatu. Shuleni kwetu Lurujo, huko Koboko, tuliutumia kupaka ubao kila mwanzo wa muhula, na mimi, msichana wa miaka tisa, nilisifiwa kuwa na mkono mzuri. Kiangazi kile walipokuja wachanjaji wa surua, sifa hiyo ilinifikisha mahali nisipotaka. Walipita nyumba kwa nyumba na sanduku la barafu begani. Mtoto aliyedungwa alipakwa wino mweusi kwenye ukucha wa kidole kidogo cha kushoto, na jina lake likaandikwa daftarini.

Mama hakuogopa sindano. Aliogopa daftari. Baba yake alikuwa askari, ndiyo maana nyumbani tulizungumza Kiswahili. Serikali ilipobadilika, watu waliitwa sokoni waandikwe ili wagawiwe chumvi. Kesho yake majina yalisomwa kwa sauti, na waliosomwa wakapandishwa lori. Babu hakurudi. Mama, wakati huo msichana mdogo, alibaki amesimama na bakuli la chumvi mkononi. Tangu hapo, mtu wa serikali akitoa kalamu tu, Mama alikauka midomo. Wakubwa ofisini walisema kijiji chetu kinakataa chanjo kwa ujinga. Ujinga gani? Tatizo letu lilikuwa kukumbuka mno.

Mama akaniita nyuma ya jiko, akanipa kopo la rangi ile ya ubao. "Wewe unajua kupaka. Paka hii watoto kidole," alisema. "Wakiona nyeusi watapita."

"Na wakiuliza jina?"

"Sema iliandikwa jana."

Nikampaka Taban, mdogo wangu wa miaka mitatu, aliyecheka kwa kutekenywa na kuniletea mkono wa pili nao niutie rangi. Kisha wakaja watoto wa majirani, maana mama zao walisikia, wakawaleta kimya kimya. Nilijiona mtu mkubwa siku ile, na bado naona haya nikikumbuka nilivyofurahi. Mchanjaji, kijana aliyechoka na kulowa jasho, alizitazama kucha, akalitazama jua, akapita. Wiki chache baadaye surua iliingia. Tulizika watoto wawili wa jirani. Taban alilala siku nyingi, macho yamegandamana kwa usaha, na yalipofunguka yalikuwa meupe na hayaoni. Mama hakulia mbele yetu. Alisema tu, na akaendelea kusema mpaka alipokufa, "Ile watu ya sindano ndiyo ilileta hii ugonjwa." Mimi kwanza niliogopa kichapo, halafu aibu, halafu nikazoea kunyamaza. Taban akakua akiamini kwamba alidungwa, na kwamba sindano ndiyo iliyompofusha.

Siku hizi barabara ya Koboko hadi Arua ni lami, na majina yanaandikwa kwenye simu. Wachanjaji huja na vipaza sauti na fulana mpya. Hajaja mtu wa serikali hata mmoja kutuomba radhi kwa lile lori. Mimi nimepanga chumba Arua Hill. Taban anaishi Pajulu, anasuka vikapu, ana mke na binti wa mwaka mmoja, Kiden. Mwaka huu wachanjaji walipotangazwa, mkewe alinipigia simu akilia kwamba mumewe amekataa. Nikaenda asubuhi, nikampakata Kiden, nikamwambia Taban yote: hakudungwa, nilimpaka mimi, Mama ndiye aliyenituma. Mikono yake haikuacha kusuka.

"Mama iko kaburini," alisema. "Hapana weza kujibu."

"Taban, nakwambia ukweli."

"Miaka yote ulinyamaza. Leo serikali inakuja, na wewe unapata maneno. Nani alikutuma?"

Hodi ikapigwa. Taban akasema kwa utulivu, "Hapa mtoto hapana." Muuguzi akamtazama Kiden mapajani mwangu. Mke wa Taban akanitazama, akatikisa kichwa kukubali. "Mtoto yupo," nilisema. "Andika Kiden." Kikapu kilianguka. Mtoto alipolia, Taban alinyoosha mikono hewani, akipapasa, akimwita, nami nikamkaza Kiden kifuani mpaka sindano ilipotoka.