Mlango wa Chumba cha Chuma

Usiku ule sikulala. Nilikaa nje ya nyumba za wafanyakazi, shuka mabegani, macho kwenye mlango mmoja tu: mlango wa chumba cha chuma alimojifungia kitinda mimba wangu na vipokezi vyake. Simu haziruhusiwi pale, maana zinavuruga mitambo.

"Mama, ukiona mlango umefunguka kabla ya jua kutoka, ujue mambo yameharibika," alikuwa ameniaga hivyo. "Usipofunguka, tumepita."

Shule sikusoma sana, lakini kazi ya mwanangu naielewa, alinieleza tukiosha vyombo. Uwandani zimesimama antena fupi nyingi, kama miavuli iliyong'olewa kitambaa. Zinanasa mawimbi ya redio kutoka mbali sana angani, mawimbi manyonge mno. Vipokezi huyageuza kuwa tarakimu ili kompyuta izisome. Taabu ni kwamba kipokezi nacho kina kelele zake za umeme, na antena zinazisikia. Ndiyo maana vinafungiwa ndani ya chuma, pasibaki hata upenyo wa unywele.

Huyu hapendi kelele tangu utotoni. Alikuwa anazima friji ya shangazi yake, eti inakwaruza redio. Nyama ikaoza, akachapwa, kesho yake akaizima tena. Shangazi mtu akasema, "Huyu mtoto ana kichwa kigumu." Nikamjibu kwamba kigumu ndicho kinachodumu.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Kelele zilivuja, na wenzake wakafungua kipokezi kimoja kimoja bila kuona kosa. Yeye akapitisha vidole kwenye fremu ya mlango. Fremu ilikuwa imepakwa rangi, nzuri, inang'aa, pale hasa chuma kinapotakiwa kugusana na chuma; kelele zilikuwa zinapenya kwenye rangi hiyo. Na aliyewaambia mafundi rangi wapake kila mahali pasiingie kutu alikuwa yeye mwenyewe.

Alikwenda kwa mhandisi mkuu akasema, "Mzee, kosa ni langu." Kisha akashinda anaisugua ile fremu kwa msasa, akarudi nyumbani nywele zimejaa vumbi la rangi. Mhandisi alimpa usiku mmoja. Ikishindikana, vipokezi vinarudishwa kiwandani na nafasi yake anapewa mwingine.

"Unaogopa?" nilimuuliza.

"Wewe ogopa kwa niaba yangu, Mama. Mimi nina kazi."

Basi nikaogopa kwa niaba ya wote wawili. Mhandisi alikuwa kwenye kibanda cha pili, anasikiliza antena. Akisikia kelele, atakuja kugonga mlango ufunguliwe.

Mlinzi alinisogelea. "Mama Fundi, ukiukodolea macho hivyo mlango utaona haya ufunguke."

"Nyamaza, usiniletee mkosi."

"Aa, binti yako yule? Juzi amenivua saa mkononi, kisa ina betri. Kelele itapitia wapi?"

Nilicheka, lakini kicheko kikanikauka. Tochi ilikuwa inatoka kwenye kibanda cha pili. Ikaja moja kwa moja kuelekea chumba cha chuma. Nikasimama, shuka likaanguka. Mhandisi alifika mlangoni, akaupita, akaendelea hadi chooni.

Aliporudi alinimulika. "Mama, mbona umesimama kama mlingoti?"

"Nilidhani unakwenda kugonga."

"Hata wahandisi wana vibofu, mama yangu. Kaa."

Hakuniambia alichosikia, wala sikumuuliza. Ila nilimtazama anavyotembea: taratibu, mkono mfukoni. Mtu mwenye habari mbaya hatembei hivyo. Nikakaa.

Mbingu ikapauka. Antena zikaanza kuonekana, kisha vivuli vyake vikalala chini.

"Mama Fundi," mlinzi akaita, "jua hilo limetoka."

Nililiona. Nikautazama mlango mara ya mwisho, umefungwa vilevile, haujatikisika. Nikaokota shuka langu, nikaingia ndani kuinjika chai ya watu wawili.